Mstari Kwenye Chuma cha Shemeji

Karakana nzima ilimwita Jicho Moja, ingawa macho yake yote mawili yalikuwa mazima. Hadubini yake ya kwanza, kule zahanati, ilikuwa na tundu moja tu la kuchungulia, akazoea kufumba jicho la kushoto. Hii ya karakana ina matundu mawili, lakini mazoea yana taabu: bado anafumba moja.

"Shemeji, mbona unakikonyeza chuma?" mdogo wa mumewe humtania. "Kaka atasikia wivu."

"Angalau chuma hakiniombi chai kila saa."

Alipoacha kupima damu akaenda kupima chuma, watu waliona kama amehama dunia. Yeye hakuona hivyo. Damu ina haraka, aliwaambia wanawe; unaipaka rangi na kuhesabu seli huku mgonjwa akikusubiri kwenye benchi. Chuma kina subira. Lakini ukikisugua hadi kikawa kioo, ukakigusisha asidi kidogo, nacho kinajifungua: vyumba kwa vyumba, vyeupe na vyeusi, vimebanana kama seli za ngozi ya kitunguu. Siku alipoviona mara ya kwanza alisahau hata kikombe chake mpaka kikapoa. Nani angedhani msumari una vyumba ndani?

Basi huyo shemeji alikuwa fundi wa kuchomelea. Miaka saba alichomelea mageti na madirisha, na moyo wake wote ulikuwa kwenye mabomba ya mvuke, kazi ambayo haifanywi bila cheti. Akaunganisha vipande viwili vya bomba kwa ajili ya mtihani. Kiungo kikikutwa kizima ndani, cheti anapata. Kikikutwa na ufa, anarudi kwenye mageti mwaka mwingine mzima. Kikakatwa katikati, kikaletwa mezani kwa Jicho Moja, na mwenyewe akakifuata nyuma kama mzazi anayempeleka mtoto kudungwa sindano.

"Kaa mbali, unanipumulia."

"Nisipopumua nitakufa, shemeji, na msibani utapika wewe."

Jicho Moja akacheka, mikono ikiendelea kusugua. Misasa ilikuwa minne, kutoka wenye chembe kubwa hadi ule laini. Kila msasa mpya, kipande hugeuzwa robo ili mistari mipya ikate ya zamani; na kila msasa mpya, kipande na mikono huoshwa, maana punje moja tu ya msasa mkali ikibaki itachimba mfereji. Akamalizia kwa kitambaa, kisha asidi, kisha akainama kwenye hadubini.

Katikati ya kiungo ulipita mstari mwembamba, mweusi, umenyooka.

Shemeji akamwona anachungulia mara ya pili, akaelewa.

Mkuu wa karakana akaitwa, akachungulia. "Ufa huu. Andika, tuendelee na mengine."

Jicho Moja akashika kalamu, na hapo akaviona vidole vyake. Vumbi la kijivu la msasa wa pili lilikuwa bado kwenye kucha. Kati ya wa pili na wa tatu alikuwa anacheka tu, hakunawa.

Sasa akabaki njia panda. Akiomba kurudia, watasema anamwokoa shemejiye. Asiporudia, mtu atarudishwa kwenye mageti kwa uchafu wa mikono ya mwingine.

"Mkuu, sikunawa mikono."

"Wewe? Tangu lini?"

"Leo. Huenda huu ni mkwaruzo wangu. Naomba nirudie."

Mkuu akamtazama yeye, akamtazama shemeji. "Unajua watu watasemaje."

"Najua. Ndiyo maana nataka usimame hapa hapa. Mkwaruzo ukisuguliwa unatoka. Ufa una mizizi, hautoki. Ukibaki nitauandika, halafu nyumbani nitajibu mwenyewe." Akamgeukia shemeji. "Wewe toka nje."

"Nimefanya nini tena?"

"Umenichekesha."

Akaanza upya kuanzia msasa wa pili. Mkuu mwenyewe ndiye aliyemimina maji, na Jicho Moja akanawa mpaka kwenye viwiko. Asidi ilipokauka, akamwachia mkuu achungulie kwanza. Mkuu alichukua muda mrefu usio na huruma.

"Mstari siuoni," akasema. "Naona kitundu."

Jicho Moja akainama. Kweli, mstari umetoweka, vyumba vimekaa sawasawa, na pembeni kuna kitundu cha hewa, duara kabisa. Akakipima: kidogo kuliko kinachoruhusiwa. Akakiandika hata hivyo, na chini yake akaongeza kwamba mara ya kwanza mpimaji alikwaruza kipande.

"Hilo la mwisho si lazima," mkuu akasema.

"Kwangu ni lazima."

Shemeji akaitwa, akaisoma karatasi mara mbili. "Nimepita?"

"Umepita."

"Na hiki kitundu?"

"Chako hicho. Mwishoni uliinua kijiti cha kuchomelea haraka."

"Jamani, hata leo shemeji hunisitiri?"

"Njoo ukione."

Akainama, akapita kwa jicho chumba hadi chumba.

"Vyumba vyote hivi nimejenga mimi?"

"Wewe na moto."

"Haya, ondoka sasa, watu wana kazi," mkuu akasema.

"Ngojeni kidogo," shemeji akajibu bila kuinua kichwa. "Bado sijamaliza kuzunguka."

Jicho Moja akamsogezea kiti, naye akakaa pembeni kwenye benchi, akisubiri zamu yake.