Taa Tulizozipaka Rangi Nyeusi

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, mwanangu, Mjomba Mfaume alipomkabidhi mume wangu ufunguo wa pikapu na kumwambia, "Nenda nayo Kitaya, rudi nayo Mtwara. Usiniongezee kitu, usinipunguzie kitu." Kisha akashika njia ya shambani kwenye mikorosho yake, ambako angekaa mpaka kazi ya salfa iishe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mke mgeni katika nyumba ile ya mtaa wa Chikongola, Mtwara mjini, kanga zangu za harusi bado hazijapauka.

Lazima nikueleze kwanza Mjomba alikuwa nani, maana siku hizi nyinyi mnadhani mjomba ni mtu wa kuja sikukuu na kuondoka. Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye neno. Hamisi, mume wangu, alilelewa na huyo kaka wa mama yake, akafundishwa udereva naye, akaozwa naye. Pikapu ilikuwa ya Mjomba. Sisi tulibebea mchele na samaki wakavu kutoka Kitaya, na watu waliotaka kuja mjini, na mkate wetu wa kila siku ulitoka humo. Mkate mwingine ulitoka mikononi mwangu, kwa sababu nilikuwa na tanuri la udongo uani, naoka mikate ya boflo kila alfajiri.

Basi, pikapu ile taa zake za mbele zilikuwa zimechoka. Chumvi ya bahari na vumbi la barabara vilikuwa vimezitia ukungu wa njano, kama macho ya mtu mwenye homa. Hamisi alikuwa hajali, mpaka siku alipoliona gari la wageni limeegeshwa karibu na bandari. Taa za gari lile zilikuwa nyeusi kwa ndani, zinameta, kama zimepakwa wanja. Alirudi nyumbani hakula. Kijana akipenda kitu, mwanangu, tumbo lake hujaa.

"Somoe," akaniambia, "zile taa hufunguliwa. Kioo na bakuli lake vimeshikwa na gundi tu. Ukiipasha joto inalainika, unavitenganisha, unapaka rangi ndani, unavirudisha. Nataka joto la tanuri lako."

Nilicheka. Lakini nilimpenda, na nilipenda kuombwa kitu ambacho mimi tu ndiye ningeweza kumpa. Kesho yake, mikate ilipotoka, tuliliacha tanuri lipoe hadi mkono uweze kuvumilia. Hamisi alikuwa amekwisha kuzing'oa taa garini na kuzitoa balbu na mipira yake. Tukaiweka ya kwanza juu ya ubao ndani ya tanuri, nikafunika mdomo wa tanuri kwa gunia lenye maji. Baada ya muda tukaitoa, Hamisi akapitisha bisibisi bapa ukingoni taratibu, na gundi ikaachia, ikinyooka nyuzi nyuzi kama asali. Kioo kikatoka kizima. Tulishangilia kama watoto waliofungua zawadi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye habari yenyewe.

Ndani ya taa kulikuwa na sehemu mbili. Kulikuwa na fremu ya plastiki ya pembeni, isiyo na kazi ila kujaza nafasi. Na kulikuwa na bakuli lenyewe, linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, ambamo balbu hukaa. Hamisi alichukua kopo la rangi nyeusi ya kupuliza, akalitikisa, akalielekeza kwenye vyote viwili.

Mimi nilijua, mwanangu. Sikuwa nimewahi kuendesha gari, lakini nilijua. Nilikulia Kitaya, kwa mama aliyevuka Ruvuma akiwa msichana, na mama alisuka mikeka jioni kwa mwanga wa koroboi. Nyuma ya koroboi alisimamisha kipande cha bati lililosuguliwa kwa majivu, na bati lile ndilo lililoutupa mwanga mpaka mikononi mwake. Masizi yakilifunika, mama huacha kusuka na kuniita, "Somoe, njoo usugue, nimekuwa kipofu." Kwa hiyo nilipoliona bakuli lile linalong'aa, nilijua kazi yake. Neno lilinifika mdomoni. Hamisi alikuwa anatabasamu, jasho linamtoka, ana furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya harusi. Nikalimeza. Nilijiambia, mimi mwanamke wa tanuri, magari nayajulia wapi? Tena mama yangu aliniusia nikiwa naolewa: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Taa zikapakwa, zikakauka, zikafungwa tena kwa gundi mpya. Mchana kweupe zilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Vijana wa mtaani walikuja kuzitazama. Hamisi aliziwasha, tukaona zinawaka, tukaridhika. Nani hupima taa adhuhuri?

Siku chache baadaye tulikwenda Kitaya, mimi nikamsalimie mama, yeye akapakie mzigo. Tulichelewa kidogo kuondoka. Jua lilizama tukiwa bado njiani, tumebeba magunia na abiria wanne nyuma. Hamisi akawasha taa. Mbele yetu barabara haikubadilika. Palikuwa na wekundu hafifu tu, kama kaa la moto lililokaribia kuzima.

Mama mmoja akagonga paa kutoka nyuma. "Dereva, mbona giza?"

"Zitakaa sawa," Hamisi akajibu.

Hata hapo nilikuwa na nafasi ya kusema simama. Nilishika kiti kwa mikono miwili, nikanyamaza. Alikuwa anakwenda polepole, namshukuru Mungu kwa hilo, tena polepole sana. Ghafla nikaona kanzu nyeupe. Hamisi akakanyaga breki, pikapu ikateleza kwenye mchanga, tukasikia chuma kikigonga chuma.

Alikuwa Maalimu Chande, mwalimu wa madrasa ya kijiji tulichokuwa tunakipita, anaiwahi sala ya magharibi kwa baiskeli yake. Tulimkuta kwenye mtaro, kofia imemtoka, ameshika bega. Alikuwa anazungumza, nikapiga magoti kando yake.

"Mimi nimewaona tangu mbali," alisema. "Nikajua na nyinyi mmeniona."

Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. Abiria mmoja alikuwa na tochi kubwa, akakaa juu ya boneti akimulika, na hivyo ndivyo tulivyomfikisha hospitali, mwendo wa mtu anayetembea. Hamisi alilia njia nzima bila kujificha. Asubuhi akajipeleka mwenyewe kituoni, akaeleza lilivyotokea. Gari likazuiwa lisitembee hadi taa zitengenezwe. Nasi tukampelekea Mjomba salamu shambani, kwa mtu aliyekuwa anakwenda huko.

Mwanangu, nilimngojea yule mzee kama anayengojea hukumu. Nilijua anaweza kuuchukua ufunguo na kumpa mpwa mwingine, na wapwa hawakuwa haba. Alifika nguo zimejaa unga wa salfa, hakuingia ndani. Alikwenda kwanza hospitali kumwona Maalimu. Aliporudi akaketi kwenye mkeka uani, karibu na tanuri, akatuita wote wawili. Aliomba taa moja ing'olewe aletewe. Akaigeuza, akachungulia.

"Wanja hupakwa kopeni, Hamisi," akasema. "Haupakwi kwenye mboni."

Hamisi aliinamisha kichwa. "Sikujua, Mjomba. Nilidhani balbu ndiyo yenye mwanga, na hilo lingine ni pambo."

"Naamini hukujua." Akanigeukia mimi. "Na wewe, mkamwana? Tanuri ni lako, ulikuwepo. Ulionaje?"

Ningeweza kusema sikujua. Hakuna ambaye angenibishia. Lakini nilikuwa nimemwona Maalimu akijaribu kunyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto. Nikamweleza yote, habari ya koroboi na bati la mama, na lile neno nililolimeza.

Mzee hakupaza sauti. Laiti angepaza. "Basi kosa la Hamisi ni la mkono," akasema, "na mkono hufundishika. La kwako ni zito zaidi, kwa sababu wewe ulikuwa unaona. Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilichelea kumvunja moyo, Mjomba. Tena niliusiwa, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

"Methali hiyo ni ya kuzuia matusi na umbeya. Haikutungwa kwa ajili ya mtu unayempenda anapoelekea shimoni. Umesahau nyingine? Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Wewe ulichelea uso wa mumeo usinune kidogo tu, na leo mwanachuoni wa watu amelazwa."

Nililia. Na Hamisi, ambaye nilidhani atanikasirikia kwa kumwacha ajiaibishe, akasogea akaketi upande wangu. Akasema kwa sauti ndogo, "Somoe, hivi mimi ni mtu wa kuogopwa?" Swali lile liliniingia kuliko maneno yote ya mzee, kwa maana hakuwa mtu wa kuogopwa hata kidogo. Hofu nilikuwa nimekuja nayo mwenyewe, imekunjwa ndani ya sanduku pamoja na kanga.

Nilitegemea kusikia ufunguo ukidaiwa. Badala yake Mjomba akavua shati lile lenye salfa, akalitundika kwenye kamba ya nguo. "Tutazifungua tena," akasema. "Na safari hii msimamizi ni Somoe. Akisema bado, ni bado."

Rangi haikuweza kuondolewa kwenye mabakuli yale. Ukisugua, ule mng'ao nao unabanduka. Hamisi akaenda gereji ya rafiki yake, kulikokuwa na pikapu ya aina ile ile iliyokufa injini, akapewa taa zake zilizopasuka vioo lakini zenye mabakuli mazima. Tukakoka moto. Mara ya kwanza Hamisi alinyoosha mkono mapema kutoa taa.

"Bado," nikasema. Sauti yangu ilinitoka nyembamba kama ya kifaranga.

Akamtazama mjomba wake. Mjomba akatazama juu, anahesabu majani ya mpapai. Hamisi akarudisha mkono, akangoja. Nilipoona inatosha nikamwambia, na gundi ikaachia bila kulazimishwa. Tukapachika mabakuli mazima. Vioo tukavisugua kwa msasa laini na maji mpaka unjano ukatoka. Kisha Hamisi akaishika ile fremu ya pembeni, akaniuliza kama anaweza kuiacha na weusi wake. Nikafikiri. Fremu ile haikuwa na kazi ya kutupa mwanga.

"Iache," nikasema. "Inapendeza."

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Kumbe hakuwa na ugomvi na urembo. Tulipaka gundi kuzunguka ukingo wote, nikapitisha kidole mwenyewe kuhakikisha hakuna mwanya wa kupitisha maji, maana unyevu wa pwani yetu hauombi ruhusa.

Maalimu Chande alitoka hospitali siku ile tulipozifunga garini, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Hamisi alimwomba apitie nyumbani kabla hatujamrudisha kwake. Kiza kilipoanza kuingia, akawasha taa kuelekea ukuta wa jirani, na ukuta wote ukang'aa hata nyufa za udongo zikaonekana. Maalimu akaenda kusimama katikati ya mwanga, akaeneza mkono wake mzima.

"Sasa mnaniona?" akauliza.

Tulicheka, naye akacheka huku anashika bega kwa maumivu. Mtulinga uliunga. Aliendelea kufundisha, na mwanangu wa kwanza tulimpeleka kijijini akasomea Alif kwake. Hamisi akawa mtu wa kutafutwa mji mzima kwa kazi ya taa. Madereva walileta zilizofifia, zilizoingia maji, na waliotaka weusi wa pembeni wakapewa. Kila taa ngeni ikifika, kabla hajaigusa, aliniita kutoka jikoni: "Somoe, njoo utazame, unaonaje?" Mara nyingi sikuwa na la kuongeza, nikamwambia endelea. Mara nyingine nilikuwa nalo, tukabishana, na wakati mwingine yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Hilo nalo halikutuua.

Mwanangu, wewe unayeanza maisha na mwenzio, au kazi na rafiki yako, nakuusia hili. Ukimwona unayempenda anakosea na wewe unajua, mwambie. Mwambie mapema, mwambie kwa upole, mwambie mkiwa wawili, lakini mwambie. Usijidharau ukasema mimi si wa kazi hii. Ujuzi wa mtu hutoka popote alipopita. Na wewe unayeambiwa, usimnunie aliyekwambia, maana ukimnunia leo, kesho atakuacha uende. Adabu si kunyamaza. Adabu ni namna ya kusema.

Mungu akujaalie nyumba ambamo mtu akisema "ngoja kwanza" husikilizwa. Akupe mwenza anayekuuliza, akupe na wewe moyo wa kumjibu kweli. Akulinde barabarani wewe na wale mtakaopishana nao, na mikono yako iwe na heri katika kila utakachokifungua na kila utakachokifunga. Amina.