Foto ya Mama Asiyepigwa Foto

Shule niliiacha darasa la nne, wala sioni haya kusema, kwa sababu leo waliomaliza wananunua simiti kwangu. Duka langu la Kasongo nililianza na katoni moja ya sabuni kichwani. Sasa iko simiti, mabati, misumari, rangi, na nyumba yangu ndiyo ya kwanza mtaani kuwekwa vigae. Kitu kimoja tu kilinishinda: ukuta wa salon, juu ya makochi. Watu wenye mali huweka pale foto ya mama yao. Mama yangu hakupigwa foto hata siku moja. Alipotea mwaka wa vita, watu walipoikimbia Kabambare, kila mmoja na njia yake. Mwili wake hatukuuona.

Ndiyo maana chuo cha hapa mjini kilipofungua kozi ya kupiga foto na kuzitengeneza ndani ya ordinatere, yaani kompyuta, nilienda kujiandikisha.

"Papa, unatafuta mutoto wako?" msichana mmoja aliniuliza mlangoni.

"Natafuta kiti."

Wakacheka. Nikakaa mbele kabisa.

Nilishika upesi, nani angenishinda? Prof alituonyesha namna ya kufuta kovu, kubadilisha rangi ya shati, kumtoa mtu uani kwao na kumsimamisha Ulaya. Mwisho wa kozi kila mmoja alitakiwa kuleta foto ya mtu aliyoitengeneza mwenyewe. Yangu niliijua tangu siku ya kwanza.

Tangu utoto naambiwa sura yangu ni ya mama kabisa. Basi nikanyoa masharubu, yale niliyoyafuga tangu katoni ile ya sabuni, nikaazima blauzi na kitambaa cha kichwa cha mke wangu.

"Unaenda kuolewa wapi?" mke wangu aliuliza.

Darasani ndiyo usiseme. Yule msichana wa mlangoni alishika mashine ya foto, mikono ikamtetemeka kwa kicheko. "Mama, geuka kidogo! Mama, mbona umekasirika?" Prof mwenyewe alitoka nje kumalizia kucheka.

Kicheko kiliisha nilipokaa mbele ya ordinatere. Nikapunguza taya. Nikalainisha shingo, nikafuta kivuli cha ndevu. Uso wa mama niliukumbuka kwa upande tu, akiinama kupuliza moto, kwa hiyo nilifanya kazi kwa kupapasa. Nikasogeza jicho la kushoto kidogo sana, na mtu akaniangalia kutoka mle ndani. Nilirudisha kiti nyuma.

"Papa," msichana alisema polepole begani kwangu, "usiongeze kitu tena."

Alama zangu zilipita za wote. Nikaichapisha kubwa, nikaitia kwenye fremu ya kioo. Lakini kabla ya kuitundika nilitaka jicho moja tu liione: la mama mdogo wangu, mdogo wake mama, aliye Wamaza. Nikaifunga na kile kitambaa cha kichwa, nikaipakia kwenye pikipiki.

Nilimkuta anamenya mihogo. "Mama mudogo, nimekuletea mugeni." Nikafungua.

Hakupiga kelele. Alipangusa mikono kwenye kikwembe chake, akagusa kioo.

"Yaya," alimwita dada yake.

Nikavimba kifua, nikangoja sifa.

"Amezeeka," alisema. "Angalia mikunjo hii, chini ya macho. Alipoondoka hakuwa nayo." Akaniinulia uso. "Kumbe alifika! Iko wapi? Ulimukuta wapi? Mbona hukuja naye?"

Nilikuwa nimefuta masharubu, miaka sikuifuta. Mama alipotea akiwa kijana kuliko mimi nilivyo leo. Nilimpa uzee ambao hakuupata, na mbele ya mdogo wake uzee ule ulikuwa ushahidi.

"Mama mudogo, ile sura ni yangu. Niliitengeneza na mashine."

"Usinichezee. Mimi simujui yaya yangu?" Alikwisha kuwaita majirani: amepatikana, amepatikana.

Nikaokota kitambaa, nikakifunga kichwani, nikakaa kwenye kigoda na kugeuza uso kama ulivyogeuka kwenye foto.

Aliangalia foto. Akaniangalia. Akaangalia foto tena. Majirani walisimama uani, hakuna aliyecheka. Niliona furaha ikimtoka usoni, kama maji yanavyonywea mchangani. Nikapeleka mkono kukifungua kitambaa.

"Kiache," alisema. "Kiache kwanza."

Akasogeza kigoda chake karibu, akanishika kidevu.

"Yaya, ulipita njia gani? Tulikungoja kwenye kivuko cha mto Luama mpaka giza. Mimi ndiye nilisema tuvuke."

Mimi, ninayeweza kumuuzia mabati mtu asiye na nyumba, nilikaza tu fundo la kitambaa.

Foto ilibaki kwake, imegeuzwa kuangalia ukuta. Ukuta wangu bado mtupu. Wateja huniuliza, "Patron, masharubu yalienda wapi?" Nawaambia nayapumzisha. Asubuhi nikinyoa nakaa kwa upande mbele ya kioo, nisikutane na yule mtu uso kwa uso. Kisha, siku za kwenda Wamaza, natia kitambaa mfukoni. Mama mdogo hajawahi kuniomba nikilete. Nikifika, yeye huweka kisu chake juu ya mihogo, ananingoja nikifunge kichwani.