Cecilia Aliyemwomba Mungu Amjibu kwa Chumvi

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Asiyeamini apande bodaboda ashuke Kiswere, amuulizie Mkristo wa kijiji. Hatapotea, maana alikuwa amebaki mmoja.

Saa saba mchana, jua linachoma mpaka vivuli vinajificha chini ya nyayo za wenyewe. Cecilia ameinama katikati ya jaruba la chumvi. Maji ya bahari yamekwisha kukauka, naye anakwangua kwa reki ya mbao, akivuta chumvi pembeni ifanye vichuguu vyeupe. Visigino vyake vimepasuka kiasi kwamba mwandishi ameona kwa macho yake kaa mdogo akikikagua kimojawapo, akidhani amepata nyumba.

“Ukiwa na kidonda huingii huku,” anasema bila kuinua kichwa. “Chumvi haina huruma. Lakini nayo haikuulizi dini yako.”

Mama huyu wa miaka hamsini na mbili aliteremka kutoka nyanda za juu za Rondo na mumewe, Benedicto, enzi ambazo familia za Kikristo zilizofanya kazi ya chumvi hapo zilitosha kujenga kigango, kanisa dogo la udongo. Bei iliposhuka, wakaondoka mmoja mmoja. Benedicto hakuondoka. Amezikwa nyuma ya kigango.

Tangu hapo, kila Jumapili, Cecilia hugonga rimu ya lori iliyoning'inizwa mlangoni, akaingia, akatoa salamu ya ibada, kisha akaiitikia mwenyewe.

“Nyimbo ndizo ngumu,” anasema. “Sauti ya pili huwezi kuiimba peke yako. Ukiianza, ya kwanza imekwisha.”

Mwezi uliopita Padri Xaveri alimletea ombi. Vijiji kadhaa vya Rondo havina katekista, na watoto wanasubiri mafundisho ya ubatizo. Je, yuko tayari kuhamia huko moja kwa moja? Akampa muda wa kusali hadi Jumapili.

Hapo ndipo usingizi ulipomhama. Akienda, kigango kitafungwa na kaburi la Benedicto litaota majani. Akibaki, pengine atakuwa amemkatalia Mungu aliyemwita.

“Nilimwambia Mungu, Baba, niambie waziwazi. Mafumbo mimi siyawezi.”

Mbinguni kimya. Basi Cecilia akaweka masharti. Alijaza maji mapya kwenye jaruba moja, wakati ambapo mawingu yalikuwa yametanda juu ya Kiswere bila dalili ya kuondoka. Chumvi ikiganda kabla ya Jumapili, anakwenda. Isipoganda, anabaki.

Ijumaa asubuhi jaruba lilikuwa jeupe.

Alipiga magoti palepale kwenye tope, kisha akaenda nyumbani kufunga godoro.

Zuhura, jirani yake wa jaruba la pili, alimkuta akikunja mikeka.

“Unahamia wapi, shoga?”

Cecilia akamweleza habari yote, ya maji, mawingu na Mungu. Zuhura akakaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa msiba.

“Ile mbegu nilitia mimi,” akasema.

Ni desturi ya wakwangua chumvi wa hapo. Ukiona jaruba la mwenzako linachelewa, unalinyunyizia chumvi ya zamani ili mpya ipate pa kushika. Na humwambii, kwa sababu kusema ni kusimanga. Cecilia ametiliwa mbegu miaka nenda rudi, naye ametilia wengine. Siku aliyomwekea Mungu masharti, desturi yote ilimtoka kichwani.

“Wiki nzima nakuona unakonda, hata salamu huitikii,” Zuhura alimwambia. “Nikasema, angalau apate chumvi. Ningejua Mola wako atajibia humo, nisingegusa. Sasa ona, nimekufukuza kwa mkono wangu mwenyewe.”

Cecilia akampigia Padri simu.

“Ishara imeharibika, Padri.”

“Mama, Mungu hatumi meseji. Tuiweke chumvi kando. Watoto wa Rondo wapo au hawapo?”

“Wapo.”

“Kuwafundisha unaweza?”

“Naweza. Lakini naogopa.”

“Hilo sikukuuliza.”

Godoro likafunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena. Mwishowe akaliacha limefungwa, akalala juu ya mkeka.

“Jibu sijalipata hadi leo,” anasema, akiegemea reki. “Nimeacha tu kumpangia namna ya kujibu. Naenda hivihivi. Kama nimekosea atanirudisha, njia ya Kiswere anaijua.”

Majaruba amemwachia Zuhura, pamoja na kaburi la kupalilia.

“Dua zao sizijui,” anasema Zuhura, “lakini jembe ni lilelile.”

Cecilia ana mpango mmoja tu. Ataanza na watoto walio tayari, na kiangazi kijacho ateremke nao pwani. Wengi wao, anasema, bahari wanaisikia tu.

Mwandishi alikuwa ameshaandaa mwisho wa habari hii kabla ya siku ya safari, akawasomea kina mama hao ukingoni mwa jaruba. Katika mwisho huo, kijiji kizima kilikuwa kimefurika barabarani, vigelegele vikisikika hadi kisiwa cha Songo Mnara, na machozi yakijaza majaruba matatu.

“Mzee, watu hao unawatoa wapi?” aliuliza Cecilia. “Gari linapita asubuhi. Watu wako baharini, wengine mikoroshoni. Tutakuwa mimi na Zuhura.”

“Na yeye,” Zuhura akadakia. “Si ameandika umati? Basi abebe mizigo ya umati.”

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi ya safari, mwandishi alipanda kilima kwenda barabarani na godoro kichwani, ndoo mkono mmoja, sufuria mkono wa pili. Zuhura alifuata nyuma akiwa mikono mitupu, wala hakumtania tena.

Gari liliposimama, kondakta aliutazama mzigo, akawatazama wote watatu, akauliza wanaosafiri ni wangapi.

“Mmoja,” alijibu Cecilia.

Mwandishi akapandisha godoro.