Mashine Mbili, Uso Mmoja

Nikisema siku ile nilikuwa kazini nitakuwa najitetea. Kazi ilikuwa imeisha. Picha ya marehemu ilikuwa imesafishwa, imekuzwa, inasubiri kuchapwa tu. Nilichokuwa nafanya mchana ule ni kushindanisha kompyuta mbili, na uso wa mzee wa watu ndio nilioutumia kuzipima.

Studio yangu ni chumba kimoja hapa Biharamulo mjini, ukuta mmoja na fundi cherehani. Upigaji picha sikusomea popote. Nilijifunza kwa video za mtandaoni, nikisimamisha na kurudia, hadi nikaweza kuondoa kivuli usoni mwa bibi harusi bila kumfanya aonekane amepakwa unga. Lakini hadi leo nahisi kuna jambo ambalo waliosomea wanalijua na mimi silijui, na kwamba siku moja mteja ataliona. Ndiyo maana narudia kila kitu. Picha ndogo ya kitambulisho, ambayo mwenzangu angeimaliza mteja akiwa bado anavaa koti lake, mimi nitaihangaikia mpaka mteja aanze kukohoa.

Kwa miaka mingi nilitumia kompyuta ya mezani iliyokwishatumiwa na wengine. Diski yake ni ya zile zinazozunguka, unaisikia ikikwaruza kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. Ukiiambia ipunguze chenga, zile punje punje za picha iliyopigwa gizani, unaweza kwenda kunywa chai. Halafu nikapata laptop yenye SSD, diski isiyozunguka wala kukwaruza, RAM mara mbili ya ile ya zamani, na kadi yake ya picha. Niliporipoti jambo hilo kwenye kundi letu la WhatsApp, kundi la wapiga picha wa Ngara na Biharamulo, mmoja wa kule Ngara alinijibu: "Laptop ni ya kuchezea muziki harusini. Kazi ni mezani, mdogo wangu." Watu wakacheka kwa zile alama zao za machozi. Mimi nimezaliwa Ngara, na kuchekwa na watu wa kwetu kunaniuma kuliko kuchekwa na wengine. Nikaapa kuwaonyesha.

Siku mbili tatu baadaye, asubuhi, akaingia dada mmoja wa Nyarubungo, kitenge kimefungwa kiunoni juu ya gauni.

"Shikamoo dada."

Hakuitikia. "Mdogo wangu, unamkumbuka baba? Ulimpiga kwenye kipaimara cha binti yangu."

Nilimkumbuka. Mzee mrefu, aliyecheka huku amefumba jicho moja.

"Ametutoka jana."

Nikampa pole. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akaniambia wanaitaka ile ya kanisani, anayocheka, iwe kubwa, ya kutangulia mbele ya jeneza. Chini iandikwe pumzika kwa amani. Wanazika kesho, na wanataka nije pia kupiga picha za mazishi. Akainuka, akafika mlangoni, akarudi.

"Kitu kingine. Kaka yetu yuko Ngara, hajaambiwa. Tumemwambia baba kazidiwa, apande basi. Shangazi atampokea hapa stendi, ampeleke kwake, akae chini, watu wawepo. Hapo ndipo ataambiwa. Sasa wewe usiibandike hiyo picha hapo nje."

"Siibandiki, dada."

"Usiibandike kabisa. Mtu wa kwetu akipita akaiona, simu itatangulia."

Nilielewa. Sisi wote tunalelewa hivyo. Msiba haupigiwi mtu simu akiwa peke yake barabarani. Unamwita kwa habari ya ugonjwa, naye mara nyingi anajua, lakini anaachiwa nafasi ya kutojua mpaka afike penye mikono ya kumshika. Na ahadi yangu niliitimiza. Ukutani kwangu sikubandika kitu.

Faili ya ile picha ilikuwa kwenye kompyuta ya zamani. Ilipigwa kanisani, mahali pa giza, imejaa chenga kama mchanga uliomwagwa usoni. Niliihamishia kwenye laptop nikaanza kazi, na pale ndipo nilipopotea. Kupunguza chenga kulikwisha kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya. Kukuza, hivyo hivyo. Nilibaki nimekaa, sina cha kusubiri. Nikawaza kwamba hakuna picha nzuri ya kupimia kuliko hii: nzito, chafu, ya giza. Nikaifungua ileile kwenye mashine ya mezani, hatua zilezile, kwa mpangilio uleule, nikiwa nimefunga programu nyingine zote ili nisiipendelee yoyote. Nikawasha kipima muda cha simu. Nikarudia. Nikagundua laptop ikichomolewa chaja inapunguza kasi, nikaandika hilo. Nikagundua ikipata moto feni yake inalia na kasi inashuka tena, nikaiinua kwa vitabu viwili ipate hewa, nikaanza upya. Fundi cherehani alichungulia mlangoni.

"Wewe, umeshapata mke humo ndani? Mbona unacheka peke yako?"

Nilikuwa nacheka kweli. Mzee yule naye alikuwa anacheka, kwenye vioo viwili.

Nilipomaliza nikaunganisha uso wake nusu kwa nusu. Kushoto niliandika "ya zamani", kulia "mpya", na chini yake muda wa kila mashine. Yale maneno ya pumzika kwa amani sikuyakata. Niliyaacha kwa makusudi, kwa sababu maandishi ndiyo yanayoonyesha haraka kama picha imepoteza ukali. Nilifikiria ukali wa herufi. Maana yake sikuifikiria. Nikatuma kwenye kundi.

Sifa zikaanza kuja. "Aisee, hiyo SSD ni moto." "Yule wa 'kazi ni mezani' yuko wapi ajibu?" Mtu mmoja akabisha kwamba lazima laptop ilikuwa kwenye chaja. Hilo liliniuma, kwa kuwa nilikuwa nimelipima na sikulieleza. Nikaweka simu pembeni, nikachomoa chaja, nikapima tena ili nimjibu kwa uhakika.

Niliporudi kwenye simu, yuleyule wa Ngara aliyenicheka alikuwa ameandika: "Huyu si mzee wa Nyarubungo? Mwanawe ni jirani yangu huku. Kumbe amefariki?" Chini yake: "Nimempigia kumpa pole. Maskini, yuko kwenye basi, alikuwa hajui."

Nilifuta picha. Nilijua haisaidii, na bado niliifuta, nikahakikisha imefutika kwa watu wote, nikahakikisha tena.

Dada hakunipigia kunigombeza. Alipiga jioni kuuliza kama picha imeshachapwa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Kaka alishuka njiani, Nyakahura. Basi likaondoka na begi lake. Wamemkuta amekaa chini, wauza mahindi wamemzunguka wakidhani amelewa." Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza: "Kesho usichelewe."

Nyarubungo nilifika mapema mno. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na migomba, wanawake wako kwenye masufuria, wanaume kwenye viti vya kanisa. Niliikabidhi picha kwa dada, akaifunua, akaiangalia muda mrefu. "Ni yeye," akasema. Watu wakasogea kuiona, mama mmoja akagusa shavu lake kwenye karatasi. Ilikuwa picha nzuri. Nitasema ukweli wote: hata pale, kifua kilinipanuka.

Kisha kaka akatoka ndani. Nilimtambua kwa urefu na kwa lile jicho la baba yake, nusu limefumbwa. Alikuwa akiongea Kisubi na wajomba zake. Mimi Kisubi nakisikia vizuri, hakiko mbali na Kihangaza chetu cha Ngara, lakini aliponifikia aligeuza akaniongelesha Kiswahili, kama mtu anayeingia ofisini.

"Wewe ndiye wa studio?"

"Ndimi, kaka. Pole sana. Naomba—"

"Niliiona ile picha. Jirani alinitumia nilipombishia. Ilikuwa imepigwa mstari katikati ya uso." Akapitisha kidole kwenye pua yake mwenyewe, juu hadi chini. "Mashine mbili."

"Ndiyo."

"Ipi ilishinda?"

Nilitakiwa kunyamaza. Mtu yeyote mwenye akili angenyamaza, angeangalia chini. Mimi nilisema, "Mpya." Na kwa kuwa aliendelea kunitazama, nikaona labda anataka kuelewa, nikaongeza kwamba tofauti kubwa iko kwenye kupunguza chenga, lakini bila chaja inashuka. Nilijisikia nikisema neno chaja mbele ya jeneza la baba yake.

Mjomba mmoja alisema, "Eeh!"

Kaka hakupandisha sauti. "Nilijua," akasema. "Ukiambiwa baba kazidiwa, unajua. Lakini nilikuwa nimejipangia. Niliwaza mpaka nifike Biharamulo bado ni mgonjwa. Kuna maneno nilikuwa namwambia kichwani. Sikuyamaliza."

Nikasema tena naomba msamaha. Akatikisa kichwa, si kukataa wala kukubali. Akaangalia kamera iliyoning'inia kifuani kwangu.

"Leo usipige."

"Dada alisema—"

"Nimesikia alichosema. Mimi nasema usipige."

Nikaivua shingoni nikaiweka kwenye begi. Msiba ule hauna picha. Hakuna ya dada aliposhikwa na wenzake, hakuna ya wajukuu wakiweka maua. Hilo nalo liko juu yangu.

Jeneza liliposhushwa na wanaume wakaanza kupokezana makoleo, nilikuwa nimesimama nyuma, mikono haina kazi. Kaka alifukia zamu yake, akatazama huku na huku, akaniona. Akanyoosha mpini kwa upande wangu.

"Kama hupigi picha, shika."

Nilishika. Nilifukia kwa nguvu zangu zote, udongo mwekundu ukiingia viatuni. Tuta lilipoinuka niliona upande mmoja umelala kuliko mwingine, nikahamia pale. Nikausawazisha, nikazunguka, nikaona kona haijanyooka, nikairudia. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nilisikia kimya, nikainua uso. Watu wote walikuwa wamesimama wananisubiri, na nyuma yangu kulikuwa na mstari wa wanaume wa ukoo ambao hawajapata zamu.

"Kijana," mzee mmoja akaniambia, "inatosha. Na wenzako wamzike."