Mlango Tuliotoka Nao Mutarule

Nikipita karibu na garaji ya pikipiki na kusikia harufu ya mafuta machafu ya moteri, mara moja naiona nyumba tuliyopanga mtaa wa Kasenga, na mama amepiga magoti mbele ya mlango, kitambaa mkononi.

Mlango huo haukuwa wa nyumba ile. Baba aliuchonga kwa mbao ngumu kule kijijini kwetu Mutarule, alipokuwa anajiandaa kumwoa mama. Tulipokimbia risasi, wenzetu walibeba magodoro na mbuzi. Mama alimwomba mjomba aung'oe mlango, wakaufunga kwenye baiskeli. Baba alirudi nyuma kutafuta ng'ombe. Hatukumwona tena.

Kasenga mlango ulikataa kuenea. Mjomba aliuranda na kuuranda, bado ukaacha mwanya ambao kuku wa jirani waliupitia kuingia kama wapangaji wenzetu. Mama hakujali.

Mvua zilipoanza, mstari mwembamba wa udongo ulipanda kwenye fremu. Mchwa. Mama aliukwangua, kesho yake ulikuwa umerudi. Akamwaga majivu, kisha mafuta machafu, kisha maji ya moto yenye pilipili, tukakohoa wote huku mchwa wakiendelea na kazi yao. Mimi nilitumwa kuweka sikio kwenye ubao. Nilisikia mchakacho mdogo, kama mtu anatafuna mchele mbichi.

"Iko kimya?" mama aliuliza.

"Iko kimya," nilimdanganya, kwa sababu sikujua la kumsaidia.

Mchwa walipofika kwenye mbao za paa, mwenye nyumba akaja.

"Mama Riziki, hii mulango iko naleta muchwa mu nyumba yote. Uitoshe, uitupe inje, ao muhame."

"Univumilie kidogo, papa," mama alimjibu. "Bwana yangu akifika, ataitengeneza mwenyewe."

Mwenye nyumba alitazama chini, akaondoka. Lakini wiki ile ile kipande cha paa kiliinama, na mama akamwita mjomba aung'oe mlango.

Bawaba ya kwanza ilipolegea, mlango ulikatika katikati. Nje ulikuwa rangi tu. Ndani ulikuwa udongo. Mama aliingiza mkono, akatoa gao la vumbi lenye mchwa weupe wakitapatapa.

"Kumbe iliisha zamani," alisema, "na miye niko nailinda."

Akakaa chini, akalia mpaka mjomba akashindwa kusimama pale. Niliona ajabu mtu kulilia mbao namna ile. Nilimwambia tutanunua mwingine.

Jumapili iliyofuata, kwenye misa, waliposoma majina ya marehemu wa kuombewa, nilisikia jina la baba. Nilimvuta mama kitenge, nimwambie kwamba wamekosea. Hakugeuka. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba jina lile alilipeleka yeye mwenyewe, na kwamba mpaka siku mlango ulipokatika, alikuwa bado anamngojea.