Sare ya Fundi

Fundi cherehani unaweza kumwambia lolote, lakini usimwambie hajui sataranji. Wifi yake, nahodha wa timu, alimwambia hivyo asubuhi ya fainali, tena mbele za watu. "Leo unacheza kwa kuwa mwenzetu anaumwa. Usiposhinda, mwakani kaa na cherehani yako!" Maneno yalimchoma, jamani. Mashati yote ya timu alikuwa kayashona yeye, mishono imenyooka, kola zimesimama, na hata ahsante hakuipata.

Basi, meza zilikuwa tatu. Ya kwanza, wifi alifungwa upesi, akaondoka kanuna. Ya pili walishinda. Ikabaki ya fundi: akishinda, kombe lao, wakitoka sare, linabaki kwa wapinzani, mabingwa wa mwaka jana.

Na fundi alikuwa anashinda! Muuguzi aliyekaa mbele yake alishapoteza malkia, mfalme wake kajibanza pembeni, jasho linamtiririka. Fundi kainamia ubao, anapima na kupima tena kama anayeogopa kukata kitambaa cha watu. Ya dunia hana habari nayo.

Muuguzi akakohoa. "Dada, sare?"

Fundi akainua uso. Kumbe kuna mwenye macho humu! Furaha ikampanda. "Ndiyo!" akasema, akanyoosha mkono juu ya meza ili mwenzake auone vizuri ule mshono wa begani hadi kwenye kifundo cha mkono.

Muuguzi akaudaka mkono kwa viganja viwili, akautikisa. "Ahsante, dada yangu. Mungu akuzidishie."

Mbona shukrani zote hizi kwa shati? "Hata vifungo nilichagua mwenyewe," fundi akasema, na mwamuzi alishasimamisha saa.

"We! Unasimamisha nini?"

"Mmetoka sare, mama."

"Mimi nimesema sare ya shati!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwamuzi naye alicheka mpaka akavua miwani, lakini kanuni ni kanuni: kaulizwa, kakubali, mkono katoa. Fundi akazitazama kete zake zilivyokuwa zimepangika, uchungu ukamshika, akalia hadharani.

Wifi akaja mbio. "Umetuaibisha! Masikio unayo kweli?"

Fundi akajifuta machozi. "Wifi, mimi nimetoka sare kwa kutosikia. Wewe umefungwa unasikia vizuri."

Yule wa meza ya pili, aliyeshinda, ndiye aliyefungua kinywa. "Mwakani meza ya kwanza akae fundi," akasema, na nahodha akaondoka kanuna tena.