Viganja Vyake Mbele ya Madaktari

Sisi madaktari wa Stockholm tunaosomea ubingwa wa magonjwa ya homoni tuna jukwaa letu, na siku zetu za kukutana. Kila baada ya wiki kadhaa tunaacha wodi na kliniki, tunatoka hospitali zetu mbalimbali, na tunakaa ukumbi mmoja kuanzia asubuhi hadi alasiri kujifunza. Hatuzidi ishirini. Kila mara mmoja wetu huleta kisa cha mgonjwa kilichomsumbua, na mabingwa waliotutangulia hukaa safu ya mbele kutuuliza maswali. Wengine huyaogopa maswali hayo kuliko mtihani.

Mimi niliyaogopa kwa sababu yangu mwenyewe. Katika mkutano wangu wa kwanza nilinyoosha mkono kuuliza kuhusu tezi ya shingo. Jina la Kiswidi la tezi hiyo lina sauti mbili ambazo ulimi wangu wa Tanga ulikuwa haujazizoea. Nikalitamka nilivyoweza. Mtoa mada akatabasamu kwa upole, akatikisa kichwa, akajibu swali ambalo sikuuliza. Hakuna aliyenicheka. Lakini nilikaa chini, nikafunga daftari, na kwa karibu mwaka mzima sikuuliza tena kitu pale ukumbini.

Nilikuwa daktari tangu nyumbani. Nilimfuata mume wangu alipokuja kusoma, na kwa miaka kadhaa, wakati najifunza Kiswidi na kufanya mitihani yao ya leseni, nilifanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Hagsätra. Niliwaogesha wazee, niliwalisha, niliwavalisha soksi. Sikuona aibu kwa kazi ile hata siku moja. Bibi mmoja wa miaka tisini ndiye aliyenifundisha Kiswidi kuliko darasa lolote, maana alikuwa hakubali kunywa chai mpaka niseme sentensi nzima bila kosa. Kwa hiyo nilipofika kwenye jukwaa lile la mabingwa watarajiwa sikuwa mtu wa kubebwa. Nilikuwa nimenyamaza tu.

Halafu akaja mama mmoja wa Alby, kitongoji cha kusini mwa jiji.

Alitumwa kwetu na kituo cha afya. Barua ilisema ni mama wa miaka arobaini na kidogo, mpishi wa jiko la shule, uchovu wa muda mrefu, chumvi kwenye damu iko chini kidogo, labda sonona. Walikuwa wamezungumza naye kupitia mkalimani wa simu. Aliingia kliniki akiwa ameshikwa mkono na dada yake, anatembea polepole kama mtu aliyetoka kujifungua. Nikamwona ni mtu wa Kongo kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi walivyofunga vilemba.

"Habari za asubuhi, mama," nikamwambia.

Akamgeukia dada yake, kisha akanitazama mimi.

"Docteur, we ni mtu wa wapi?"

"Tanzania. Tanga."

"Asanti Mungu," akasema, akaketi. "Basi leo nitasema yote."

Akasema kweli. "Niko nachoka, docteur. Kuchoka ya kufa. Nikiamuka asubuhi, nyumba inazunguka. Chakula sitaki, nyama sitaki, hata fufu sitaki." Alikuwa amekonda hadi pete ya ndoa ameizungushia uzi isidondoke. Kitu kimoja tu ndicho alichokitamani. Pale jikoni kwao huletwa makopo makubwa ya matango yaliyolowekwa kwenye maji ya chumvi, na wenzake wakishatoa matango, yeye hujificha nyuma ya mlango wa stoo akanywa yale maji.

"Kikombe kizima!" akasema dada yake. "Na rangi, mama docteur. Ona vile amekuwa mweusi! Sisi tumezaliwa rangi moja. Sasa kanisani watu wanatuuliza kama tuko ndugu kweli."

Nikaacha kuandika. "Mlimwambia daktari wa kule?"

"Nilisema," akajibu mgonjwa mwenyewe. "Aliniangalia, akasema ngozi yangu iko muzuri."

Nikamwomba anipe mikono. Nikaigeuza viganja juu. Mistari ya viganja vyake ilikuwa imekolea kama iliyochorwa kwa wino. Nikamwomba afungue mdomo, na kwenye fizi nikaona mabaka meusi. Kovu la zamani la kuungua, lililokuwa kwenye kiwiko, lilikuwa jeusi kuliko ngozi inayolizunguka. Nikampima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Aliposimama ilishuka hivi kwamba ilibidi dada yake na mimi tumdake.

Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo. Zikiacha kufanya kazi mwili unaishiwa chumvi, presha inaanguka, na ngozi inageuka rangi. Mtu huendelea kujikokota hivyo kwa miezi, hata mwaka, halafu mafua ya kawaida tu yanaweza kumuua. Sikusubiri majibu ya maabara. Nilichukua damu, nikampigia bingwa anayenisimamia, mama wa Kiswidi mrefu asiye na maneno mengi, na saa hiyohiyo tukamlaza yule mama na kumtundikia maji ya chumvi na dawa ya homoni aliyoikosa.

Kesho yake nilipopita wodini nilimkuta ameketi kitandani anakula.

"Docteur," akaniambia mdomo ukiwa umejaa, "hii viazi yao haina ladha, lakini nitamaliza."

Majibu yalipokuja yalikuwa kama tulivyodhani. Msimamizi wangu aliyasoma mara mbili, akavua miwani. "Umeona vizuri," akasema. Kutoka kwake hiyo ni hotuba. Kisha akaongeza: "Hiki ndicho kisa chako cha jukwaani."

Nilianza kutafuta picha za kuonyesha. Nilipitia mada zote za miaka iliyopita zilizohifadhiwa na jukwaa letu, nikafungua vitabu. Kila picha ya ugonjwa huu ilikuwa ya Mzungu. Kitabu kimoja kilieleza kwamba mgonjwa huonekana kama mtu aliyetoka likizo kwenye jua. Nikamfikiria mama wa watu anavyopanda treni alfajiri kwenda kupika, presha iko miguuni, na hakuna ambaye angemdhania katoka likizo.

Nikamwambia msimamizi wangu kwamba sitaki picha. Namtaka mgonjwa mwenyewe, kama atakubali. Kwa kawaida wagonjwa hawaji pale. "Muulize," akasema. "Na umwache awe huru kukataa."

Nikamuuliza siku alipokuja kupimwa tena.

"Hao docteur wote wataangalia mikono yangu?"

"Ukipenda tu, mama. Ukikataa, matibabu yako hayabadiliki hata kidogo."

Alifikiri sana. Dada yake alitaka kusema kitu, akamzuia kwa mkono.

"Nitakuja," akasema. "Lakini nitasema miye mwenyewe. We utatafsiri, na hautapunguza."

"Sitapunguza."

Jumapili moja mchana nilifanya mazoezi sebuleni kwetu Rissne. Mume wangu alikuwa jikoni akijifanya hasikilizi. Binti yetu, ambaye ana miaka kumi na sita na hunijibu Kiswidi hata nikimsemesha Kiswahili siku nzima, alishika saa. Aliniambia naenda mbio mno. Aliniambia nisiombe radhi mwanzoni, kwa sababu hakuna nililokosea. Hilo sikuwa nimeliona. Nilikuwa nimeandika sentensi nzima ya kuomba wanivumilie kwa Kiswidi changu. Nikaifuta. Nilipomaliza mara ya tatu alisema, kwa Kiswahili, taratibu kama mtu anayepima kina cha maji, "Mama, umeweza." Kule jikoni sahani ikagonga sahani; baba yake alikuwa anasikiliza muda wote.

Siku yenyewe mgonjwa wangu alifika mapema kuliko madaktari wengi. Zilikuwa zimepita wiki chache tu tangu atoke wodini, lakini alikuwa ameanza kurudisha mwili, na pete imekaa kidoleni bila uzi. Alivaa kitenge cha manjano na kilemba chake, dada yake ubavuni, na ndani ya mkoba alikuwa na ile kadi inayowaambia watu wa gari la wagonjwa kwamba bila dawa yake anaweza kufa. Alinionyesha kama mtu anayeonyesha pasipoti mpya.

Nilisimama mbele bila picha ukutani. Nikawaomba wenzangu wamtazame huyu mama kwa dakika moja na kila mtu aandike anachokiona. Wakaandika. Nikawaomba wasome. Amekonda, walisema. Ana umri wa kati. Anaonekana mchangamfu. Hakuna aliyetaja rangi. Nadhani wengine waliogopa kuitaja wasionekane hawana adabu, na wengine hawakufikiri kama kuna cha kuona.

"Sasa njooni karibu," nikasema.

Wakapanga mstari. Mama akanyoosha viganja juu ya meza, na wakaja mmoja mmoja, wakiinama, wakiomba ruhusa. Dawa ilikuwa imeanza kuipunguza ile mistari, lakini bado ilionekana wazi kwa yeyote aliyejua pa kutazama. Nikawaambia watazame na viganja vya dada yake aliyekaa pembeni, ili walinganishe. Niliona nyuso zao zinavyobadilika walipotambua. Daktari mmoja mwanamke kutoka hospitali nyingine alirudi kwenye mstari akaangalia mara ya pili.

Kisha mama akasimulia. Alisimulia uchovu, maji ya matango, na maswali ya kanisani. Nikatafsiri kila kitu, hata pale aliposema kwamba kwa miezi mingi alidhani anakufa na kwamba madaktari walimwona ana huzuni tu. Kiswidi kilikuja chenyewe.

Aliyeinua mkono wa kwanza alikuwa yule mzee wa safu ya mbele ambaye wote tunamwogopa, profesa aliyekwisha kustaafu lakini hakosi mkutano hata mmoja.

"Ungemtambua kama usingejua lugha yake?" akaniuliza.

Ningeweza kujitetea. Nikasema ukweli.

"Labda nisingemtambua. Lakini swali lenyewe halihitaji lugha yangu. Ni kumuuliza mgonjwa na ndugu zake kama rangi imebadilika, halafu kuwaamini. Wao wanaijua rangi yake kuliko mimi na wewe. Baada ya hapo ni kumwambia afungue mdomo."

Mama akanivuta mkono wa koti. "Anasema nini, mzee?"

Nikamweleza.

"Mwambie hivi," akasema, akimtazama mzee machoni. "Kule kituoni, mtu wa simu alipokata, miye nilisema kwa Kiswidi. Neno la weusi ninalijua. Nilijigusa hapa usoni, nikasema hilo neno mara mbili. Walinisikia. Hawakufikiri ni ugonjwa, walifikiri ndivyo nilivyo."

Nilitafsiri bila kupunguza. Yule profesa akasimama, kwa shida kidogo ya magoti, akaenda hadi alipoketi mama na kumpa mkono. Akamshukuru. Akaomba, kama atamruhusu, amwone fizi. Mama akafungua mdomo, na yule mzee, ambaye amefundisha nusu ya mabingwa wa mji huu, akawasha kurunzi yake ndogo na kutazama kwa muda mrefu kama mwanafunzi.

Wakati wa mapumziko walimzunguka kwa kahawa na mikate ya mdalasini, wakimuuliza moja kwa moja kwa Kiswidi rahisi, naye akiwajibu kwa Kiswidi chake na mikono. Mimi nilisimama kando na kikombe changu. Msimamizi wangu alikuja akasimama karibu nami, na hapo ndipo nilipojua jinsi ninavyojivunia. Nilijivunia mama yule, nikajivunia lugha yetu iliyokuwa imesikika ukumbini mle, na sitaficha, nilijivunia na mimi mwenyewe.

Wiki kadhaa baadaye simu yangu iliita nikiwa kazini. Alikuwa yule daktari mwanamke aliyerudi kwenye mstari. Alikuwa na mgonjwa dereva wa basi, Msomali, aliyefika kwa kuanguka mara kwa mara. Wenzake walidhani ni moyo.

"Nilimuuliza mke wake kuhusu rangi," akaniambia, na pumzi ilikuwa inamtoka haraka. "Akaanza kulia. Akasema mimi ndiye wa kwanza kuuliza. Nikamwambia mume afungue mdomo."

"Na?"

"Tumeshamwanzishia dawa."

Nilikwenda kusimama dirishani kidogo kabla ya kumwita mgonjwa aliyefuata.

Mwaka huu wameniomba niongoze kamati inayopanga masomo ya jukwaa letu. Kipindi cha kwanza nilichokiweka ni cha magonjwa ya homoni kwenye ngozi nyeusi, na mama wa Alby ameshaniambia atakuja tena, ila safari hii atatuletea sambusa kwa sababu mikate yetu ina sukari mno. Nilipompigia mama yangu Tanga kumpa habari, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ili ahakikishe amenielewa.

"Kwa hiyo Wazungu wanakaa chini, wewe unasimama, unawafundisha udaktari?"

"Ndiyo, mama. Mimi na wagonjwa wangu."

Nikamsikia akimwita jirani kupitia dirisha aje asikie.